Mizuka ya Masoko na Mizimu ya Wenyeji

Njia itokayo Tukuyu kushukia Ipinda, kabla haijafika kwenye mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela, hupita Masoko. Hapo lipo ziwa dogo la mviringo lililozaliwa na mlipuko wa volkano, nalo wenyeji huliita Kisiba. Ukingoni mwake lipo jumba la mawe lililojengwa na Wadachi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ambalo baada yao liligeuzwa kuwa mahakama. Mgeni ashukaye kwenda kulala katika nyumba za wageni za Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, husimama hapo atazame maji, na kabla hajayatazama vyema husimuliwa hadithi. Yasemwa kuwa Wadachi walipoona wameshindwa waliitosa dhahabu yao ziwani, na kwamba mali hiyo ina walinzi wasioonekana. Kisha huonyeshwa sarafu chache zilizochakaa. Hununua, akaenda zake ameridhika.

Hadithi hiyo ni tamu, na utamu si kosa. Kosa ni kuikalisha katika kiti cha historia.

Na ipimwe basi kama historia ipimwavyo. Majeshi ya Jenerali Northey yaliutwaa mji wa Neu Langenburg, ndio Tukuyu ya leo, mwishoni mwa Mei 1916. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye sura ya tembo, ile iwasumbuayo wasaka hazina usingizini, ilipigwa Tabora mwaka huo huo, katika karakana ya reli, nayo haikuzidi sana vipande 16,000. Ilipigwa kwa sababu ya dhiki, si kwa sababu ya wingi: serikali ya Wadachi ilikuwa imezingirwa, na tayari ilikuwa ikitoa noti za karatasi hafifu kwa kukosa fedha. Serikali iliyofikia hali hiyo yawezaje kuwa na dhahabu ya kutupa majini katika pembe ya kusini ya nchi? Wala ziwa lenyewe si shimo lisilo mwisho. Kina chake hakifiki mita 40, na wanasayansi wamekwisha kutoboa matope ya chini yake wakasoma humo habari za mvua na ukame wa zaidi ya miaka 40,000. Hazina hiyo ni ya kweli, lakini hakuna aiulizaye.

Ama zile heller zinazouzwa kwa mgeni, hazihitaji mzuka wa kuzieleza. Tangu mwaka 1904 heller 100 zilifanya rupia moja, na kodi ya kibanda kwa kawaida ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kila heller iliyopita katika mikono ya mkulima wa bonde lile ilikuwa sehemu ya kodi au ya ujira wa kuitafutia kodi. Mgeni hudhani ananunua mali ya Mdachi. Anunuacho ni jasho la babu wa yule amwuziaye.

Lugha ya Kiswahili ina hekima katika jambo hili, kwani imetenga mzuka na mzimu. Mzuka hutisha, basi. Hauna ukoo wala dai. Mzimu una jina, una wajukuu, na una haki juu ya walio hai. Wanyakyusa huwaita wafu wao abasyuka, na Monica Wilson, aliyekaa nao pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1959 namna matambiko ya Lwembe wa Lubaga na ya Kyala wa Palikyala yalivyoifunga nchi nzima katika wajibu mmoja. Jina la Kyala leo ndilo jina la Mungu makanisani. Watu wenye urithi wa namna hiyo wameazimaje mizuka ya askari wa kigeni, wakaifanya ndiyo fahari ya ziwa lao?

Wafu wenye dai wako. Vita ile ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Wanahistoria hukadiria kuwa waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia laki moja, wengi kwa njaa na maradhi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, nayo ikaomba radhi. Afisa wa Kizungu ana jiwe lenye jina. Mpagazi hata mzuka hakupewa.

Atatokea wa kusema kuwa hadithi huleta wageni, na wageni huleta chakula. Ni kweli, wala hakuna haja ya kumpokonya msimulizi riziki yake. Lakini mgeni aliyetoka mbali aweza kusikiliza pia habari za kodi, za mizigo na za Palikyala. Kumdhania kuwa anataka vitisho tu ni kumdharau yeye na kujidharau nafsi. Tena hadithi ya dhahabu haiwalishi wote. Katika sehemu nyingi za Tanzania uvumi wa mali za Mjerumani umewafilisi watu waliowalipa matapeli na waganga, na umebomoa majengo ya kale ambayo yangefaa kutunzwa.

Deni hili ni la wanafunzi na wanazuoni kabla halijawa la wauza sarafu. Watoto wa wapagazi wamekwisha kufa karibu wote. Wajukuu nao wanazeeka katika vijiji vya Masoko, Ipinda na Matema. Majina yaliyobaki yamo vinywani mwao, hayamo majini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; na wafu nao ni vivyo hivyo. Na liende daftari Ipinda kabla ya jembe la msaka hazina.