Pesa ya Mizani Yenye Mistari

Zimo nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa ambamo, chini ya kasha la bibi, yaweza kupatikana pesa moja ya shaba yenye picha ya mizani. Pesa hizo zilitolewa na Kampuni ya Imperial British East Africa mwaka 1888, yaani mwaka 1306 wa Hijria. Baadhi zilipigwa Calcutta, nyingine Birmingham. Pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja.

Katika sarafu za shaba, popote zilipopigwa, yaweza kutokea moja ambayo uso wake si wa rangi moja. Huwa na mistari ya manjano na ya kahawia, mfano wa ubao uliorandwa. Mwenye nayo akiambiwa kuwa ni ya bandia, huenda akaitupa, kumbe sivyo.

Asili ya mistari hiyo ni tanuri. Shaba ya sarafu huchanganywa na bati kidogo na zinki. Shaba huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,085 za sentigredi, bati kwa nyuzi 232 tu. Yasipokorogwa vema, hayalingani. Kila mpishi wa halua ajua jambo hili: akipumzisha mwiko, wanga hushika madonge. Kisha madini hayo yakiisha kuganda, hubanwa katikati ya vyuma viwili vya mviringo vinavyozunguka hadi yawe bamba jembamba. Donge nalo huvutwa, likawa mstari. Ndipo sarafu zikatwapo na kupigwa chapa.

Basi mwenye pesa ya namna hiyo na aitazame kwanza. Mistari ya tanuri hufuata upande mmoja, nayo hupita chini ya maandishi bila kuyafuta. Doa la tindikali au la udongo hutapakaa ovyo. Pili, aipeleke kwa sonara ipimwe. Pesa ya mizani ilikuwa na uzito wa karibu gramu 6 na nusu, ingawa iliyochakaa hupungua. Tatu, asiisugue kwa limau wala majivu, maana kuing'arisha ni kuipunguzia thamani.

Wala asimwamini upesi mtu amwambiaye kwamba mistari hiyo ni utajiri. Ni kosa la mkorogaji tu, na bei yake hutegemea mnunuzi. Mizani imechorwa juu ya pesa yenyewe. Yafaa ipimwe kabla ya kuhukumiwa.