Kaza Kwanza, Ndipo Unyanyue

Bibi anayesafiri kwa basi kutoka Tabora kwenda Kigoma huianza safari jana yake jioni, kwa kuacha kunywa maji. Asubuhi chai haigusi. Mkobani anakunja khanga ya ziada, na stendi anaomba kiti cha karibu na mlango. Ukimuuliza, atasema tumbo halijakaa sawa. Mkojo hautaji. Akikohoa, akicheka au akiinua mzigo, unamtoka kabla hajauwahi, naye ameshajiambia kwamba huo ndio uzee.

Je, zahanati zina wajibu wa kumfundisha bibi huyu mazoezi ya misuli ya nyonga, au hiyo ni anasa kwa mkoa wa Tabora, ambao bado unahangaika na malaria na vifo vya wajawazito? Nasema ni wajibu, kwa sharti moja nitakalolieleza.

Misuli hiyo imetandazwa chini ya nyonga mithili ya kamba za kitanda. Juu yake vimelala kibofu, kizazi na utumbo. Uzazi huinyoosha, ukomo wa hedhi huidhoofisha, na kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na mizigo huikandamiza mwaka hadi mwaka. Lakini kitanda kikilegea hatukitupi, tunakiwamba upya.

Na mizigo, huku kwetu, ina historia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, hapa Tabora, hadi Ujiji imewapa sifa wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa. Wanawake nao walitembea katika misafara hiyo, na vyungu, vyakula na watoto mgongoni. Frasila za pembe zilihesabiwa. Mzigo wa mama haukuandikwa. Leo maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, lakini vijijini ndoo ya lita 20 bado inapanda kichwani, nayo ni kilo 20 kila safari ya kisimani.

Mazoezi yenyewe si ya jana. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuyahusu mwaka 1948, na hata leo wengi wanayaita kwa jina lake. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba kati ya wanawake wanaovuja wanapokohoa au kunyanyua, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, dhidi ya asilimia 6 ya wasiofanya. Kwa tiba isiyohitaji dawa, mashine wala umeme, hayo si matokeo ya kudharau.

Wanaopinga wana hoja mbili. Ya kwanza ni uhaba wa watumishi. Mkoa wa Tabora una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 76,000 na watu zaidi ya milioni 3, na mtaalamu wa fiziotherapia humkuti kwenye zahanati ya kijiji. Ni kweli. Lakini Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaoingia majumbani. Mhudumu mwanamke, mtu mzima, akifundishwa vizuri na mtaalamu wa hospitali ya mkoa ya Kitete, anaweza kukaa mkekani na akina bibi watano na kuwaelekeza kwa maneno ambayo kungwi yeyote angeyasema bila kupepesa macho: kaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, vuta kwa ndani na juu, usibane makalio, usizuie pumzi. Shikilia, achia, pumzika. Mara 8, kutwa mara 3, kwa miezi 3 angalau.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo inayozaa sharti langu. Si kila mkojo unaovuja ni wa misuli kulegea. Mama mwenye fistula aliyoipata kwa uchungu wa muda mrefu huvuja usiku na mchana, akiwa amelala hata akiwa amekaa. Huyo anahitaji upasuaji, unaofanyika katika hospitali kama CCBRT na Bugando. Mwingine ana kisukari, mwingine maambukizi ya njia ya mkojo. Ukimwambia kila mmoja "kaza tu", utamchelewesha anayehitaji daktari. Kwa hiyo maswali yatangulie zoezi: unavuja muda wote au ukikohoa? Mkojo unauma, una damu? Kiu imezidi? Umepimwa sukari?

Maswali haya hayaulizwi, na hapo ndipo penye kosa letu. Mwanamke ana kadi ya kliniki maadamu anazaa. Akimaliza kuzaa, kadi inaishia kabatini. Tumemwekea dirisha la wazee, tena ni jambo jema, lakini dirishani anapimwa presha na kuulizwa magoti. Kule msikitini, fiqhi ilikwishamfikiria zamani: mwenye mkojo usiozuilika ana udhuru, atawadhe kila wakati wa sala ya faradhi unapoingia, aswali. Mashehe walilitaja jambo hili kwa jina lake karne nyingi zilizopita, bila kuona haya. Sisi wenye zahanati tunaona haya ya nini?

Swali moja liongezwe dirishani: "Bibi, mkojo unakutoka bila kutaka?" Na mazoezi yaanze kufundishwa mapema, mama anapomleta mtoto kupimwa uzito.

Wewe unayesoma, usingoje waraka. Muulize mama yako, taratibu, mkiwa wawili. Mpeleke akapimwe kwanza. Mwambie asijinyime maji, kwa kuwa mkojo mkali hukichokoza kibofu zaidi. Na kabla hajainua ndoo, kabla hajapiga chafya, mkumbushe: kaza kwanza, ndipo unyanyue.