Tuhuishe Kompyuta Kabla ya Kuzitupa

Usiache mbachao kwa msala upitao, walituasa wazee wetu. Tunaukumbusha usia huo leo kwa sababu imekuwa desturi katika ofisi nyingi, za umma na za watu binafsi, kwamba kompyuta ya mezani ikianza kukawia huhukumiwa kuwa imekufa. Hupelekwa stoo ikafunikwa vumbi, na papo hapo huandikwa barua ya kuomba mpya. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa bila ya mgonjwa kupimwa.

Anayeumia kwanza ni mwananchi. Mtu aliyevuka kutoka Tumbatu au Kojani kufuata cheti chake huhesabu saa kwa kujaa na kupwa kwa maji. Akiambiwa asubiri mashine iwake, na ikiisha kuwaka asubiri tena faili lifunguke, chombo cha kumrejesha kwao huenda kikamwacha. Ucheleweshaji wa namna hiyo humpotezea siku nzima ya kazi, na humfanya aione Serikali yake kuwa nzito.

Basi tuutafute ugonjwa wenyewe ulipo. Katika kompyuta nyingi zilizonunuliwa miaka kumi au zaidi iliyopita, akili ya mashine bado inatosha kwa barua, hesabu na orodha za ofisini. Kinachoirudisha nyuma ni diski ya kuhifadhia. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake upo mkono unaohangaika huku na huku kutafuta kila kipande cha habari. Kila safari ya mkono huo huchukua takriban milisekunde 10, na wakati wa kuwaka kompyuta hudai vipande maelfu kwa maelfu. Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Hukipata kipande hicho kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde moja, au chini ya hapo. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa huweza kuwaka kwa nusu dakika au pungufu.

Tiba hii si ghali ukiilinganisha na bei ya kompyuta mpya, na fundi mwenye bisibisi huikamilisha kwa saa chache. Lakini yapo ya kuzingatia. Kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya 2014 haziwezi kuwaka kutoka katika diski za aina ya NVMe. Hizo zinunuliwe diski za SATA za inchi 2.5, zinazotumia waya uleule wa diski ya zamani. Habari zote zihifadhiwe kwanza mahali pengine, ndipo mfumo unakiliwe, na kompyuta ielekezwe kuwaka kutoka diski mpya. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ikiwa ni ndogo mno, nayo iongezwe. Na mashine ambayo ubao wake mkuu umeliwa na kutu ya hewa ya chumvi, hiyo kweli imekwisha, wala hatusemi ibakizwe.

Wapo watakaotukumbusha kwamba mfumo wa Windows 10 ulifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hoja hiyo ni nzito, kwani diski mpya haizibi mwanya wa usalama. Hata hivyo, haitoshi kuwa sababu ya kutupa kila kitu. Kompyuta zinazotimiza masharti ya Windows 11 zihamishiwe huko. Zisizotimiza, na ambazo kazi yake ni kuandika na kutunza hesabu, zinaweza kuwekewa mfumo wa Linux usiolipiwa leseni, maadamu watumishi wanafunzwa.

Viongozi wetu wanafahamu pia kwamba kompyuta inayotupwa haitoweki. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Visiwa vyetu havina ardhi ya kuchezea, na maji tunayokunywa yamo chini ya ardhi hiyohiyo tunayoifukia taka.

Tunaonya juu ya jambo moja zaidi. Diski ya zamani ikishatolewa bado imebeba majina, mishahara na siri za wananchi. Kuifuta kwa kubonyeza kitufe hakutoshi. Ama itunzwe na kuorodheshwa kama jalada la ofisi, ama ifutwe kwa programu maalumu au ivunjwe mbele ya mashahidi. Kuiuza sokoni ni kuwauza waliotuamini.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila ofisi, kabla ya kuomba fedha za kompyuta mpya, ioneshe kwa maandishi kuwa zilizopo zimekaguliwa na fundi, na kueleza kwa nini haziwezi kuhuishwa. Zianze zile za madirisha yanayohudumia umma, Unguja na Pemba. Vijana wetu waliosomea ufundi wapewe kazi hiyo, na diski zinunuliwe kwa wauzaji wanaotoa dhamana, kwani sokoni zimo za bandia zinazodai ukubwa zisiokuwa nao.

Mali ya umma ni jasho la mkarafuu na la mvuvi. Anayeitunza anawaheshimu wenyewe, na anayeitupa kabla ya wakati wake hana budi kuulizwa.