Udongo Huu ni wa Nani?

Wengi wetu tunaijua habari ya Nabothi wa Yezreeli katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Tumeihubiri mara nyingi, na kila mara tumemkemea Ahabu kwa tamaa yake na Yezebeli kwa hila zake. Lakini ni wachache wanaokumbuka mfalme yule alilitaka shamba la jirani yake kwa kazi gani. Hakutaka kujenga ngome wala ghala la silaha. Alitaka bustani ya mboga, kwa sababu shamba lile lilikuwa karibu na nyumba yake. Hata mfalme alijua thamani ya mboga inayolimwa karibu na mlango.

Katika mji wetu wa Dar es Salaam mambo yamegeuka. Leo ni bustani ya mboga inayotwaliwa, na Nabothi ni mama anayelima mchicha bondeni, chini ya nyaya za umeme, kandokando ya reli, au nyuma ya majengo ya taasisi fulani. Wala tusimtafute Ahabu katika ofisi za serikali peke yake. Wakati mwingine anaketi katika kamati ya ujenzi ya parokia, na kikao chake hufunguliwa kwa sala.

Wanaosema kwamba kilimo si shughuli ya mjini wana usahaulifu wa ajabu. Mwaka 1972 ilitangazwa kule Iringa kwamba siasa ni kilimo. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoleta upungufu wa chakula, ikaja kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, na wafanyakazi wa mijini, mashule na maofisi wakahimizwa kushika jembe. Siku hizo hakuna aliyethubutu kusema kwamba tuta la mchicha linachafua sura ya mji. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi, ni kuku wa uani na ng'ombe wa maziwa waliowalisha na kuwasomesha watoto wa makarani, walimu na hata wakurugenzi. Neno "mradi" likapata maana yake ya pili, ambayo kila Mtanzania wa umri wa wazazi wangu anaielewa bila kuelezwa. Ng'ombe walifugwa hata Oysterbay, mbele ya macho ya wale waliokuwa na wajibu wa kusimamia sheria ndogo za mji, maana baadhi ya ng'ombe hao walikuwa wa kwao wenyewe. Lakini asiye na ajira inayotambuliwa, chini ya sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, aliweza kukamatwa barabarani na kurudishwa kijijini, eti akalime.

Sheria yenyewe haijawahi kuwa kali kama watekelezaji wake. Kanuni za kilimo cha mijini zilizotolewa mwaka 1992 zilimruhusu mtu kulima mjini, kwa masharti, eneo lisilozidi ekari tatu. Ekari tatu! Katika akina mama ninaowafahamu hakuna hata mmoja mwenye nusu ekari. Kwa hiyo mgambo anapoyakanyaga matuta kwa viatu vyake, mara nyingi hatekelezi sheria yoyote iliyoandikwa. Anatekeleza dharau.

Tuangalie basi ni kitu gani kinachodharauliwa. Mchicha huwa tayari kuvunwa kwa muda wa wiki tatu au nne. Ukivunwa alfajiri, jioni umekwisha kunyauka, na ndiyo maana hauwezi kungoja lori la kutoka mbali. Matembele na kisamvu ni hivyo hivyo. Tafiti zilizofanywa katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mboga za majani zilizoliwa Dar es Salaam zilitoka humo humo mjini, uani na katika maeneo ya wazi. Tangu hapo mji umezidi kufurika: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Kila asubuhi wachuuzi, wengi wao wanawake, hushuka bondeni, hununua mboga kwa tuta, huvuna wenyewe, hufunga mafungu na kupandisha mabeseni kichwani hadi magengeni. Auzaye samadi ya kuku anaishi kwa tuta hilo. Msukuma mkokoteni anaishi kwa tuta hilo. Na familia isiyomudu nyama wala samaki hupata kitoweo chake hapo, kwa sarafu zilizobaki mfukoni. Kama haya si maendeleo ya jamii, naomba nielezwe maendeleo ni nini.

Nitaambiwa kwamba mboga hizo zina sumu. Naam, jambo hili ni zito na sitalikwepa. Wataalamu waliopima maji, udongo na mboga za bonde la Msimbazi wamekuta humo madini ya risasi na metali nyingine nzito, na mtu mwenye dhamiri hawezi kuwaambia walaji kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini tuulize swali la pili, ambalo halipendwi. Ni nani aliyeutia mto huo sumu? Mchicha hautengenezi madini ya risasi. Mama mwenye ndoo mbili za kumwagilia hana bomba linalotiririsha maji machafu ya kiwandani usiku. Mara ngapi tumesikia kwamba mboga zimefyekwa kwa ajili ya afya ya umma, na mara ngapi tumesikia kwamba bomba limezibwa kwa ajili ya afya hiyo hiyo? Mwenye kudhulumiwa mto ndiye anayeadhibiwa kwa uchafu wa mto. Anayetaka mboga safi na aanze na maji safi, kisha amwonyeshe mkulima mahali pengine pa kulima, kabla ya kufyeka.

Wala sipingi kazi inayofanywa kuzuia mafuriko. Tuliowazika watu baada ya mvua za Desemba 2011, zilizoua zaidi ya watu 40 katika mji huu, hatuwezi kuyafanyia mzaha mabonde. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, na ni haki bonde hilo lishughulikiwe. Ninachodai ni kwamba katika kila mradi wa namna hii mlimaji ahesabiwe pamoja na mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inazungumzia fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Lakini aliyelima miaka kumi kwa ruhusa ya mdomo hana karatasi ya kuonyesha, na mboga ya wiki tatu ni nani atakayeihesabu kuwa mali?

Sasa nije kwetu sisi wenyewe, maana ni rahisi mno kwa padre kuihubiria serikali.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko katika parokia moja ambayo sitaitaja. Nyuma ya kanisa palikuwa na kiwanja cha karibu ekari moja. Akina mama kumi na mmoja na vijana wawili walikilima, kwa idhini waliyopewa kwa mdomo na paroko aliyenitangulia. Halmashauri ya Walei ikaamua kwamba kiwanja kizungushiwe ukuta ili baadaye ujengwe ukumbi. Hapakuwa na fedha za ukumbi. Hapakuwa hata na mchoro. Nilisoma tangazo mwenyewe baada ya Komunyo: siku kumi na nne. Siku ya tisa mama mmoja, mjane, alikuja ofisini. Alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba," akaketi, na nikajiandaa kusikiliza malalamiko. Hakulalamika. Aliniomba ruhusa ya kuchukua udongo wake.

Sikumwelewa. Nilidhani amechanganyikiwa kwa huzuni. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto katekisimu, kwamba alipofika pale palikuwa na mchanga mtupu na vifusi, na kwamba kwa miaka sita alikuwa akinunua samadi kiroba kwa kiroba na kuibeba kichwani. "Ardhi ni ya Kanisa, Baba. Udongo nimeutengeneza mimi." Niliandika kibali, nikakipiga mhuri wa parokia. Alikuja na mkokoteni, akapakia viroba kumi na nane. Ukuta ulijengwa. Nilipohamishwa, baada ya miaka minne, ndani ya ukuta ule palikuwa na magugu yaliyofika kifuani. Wajumbe wa Kamati yetu ya Haki na Amani, mimi nikiwa mlezi wao, hawakulijadili jambo lile hata siku moja, kwa kuwa tulikuwa tukiandaa semina juu ya haki za wanawake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wengi wanaoshughulikia maendeleo, wa Kanisa na wa mashirika. Tunapenda kugawa mbegu. Tunapenda semina za siku tatu, kofia na fulana. Tunamfundisha kutengeneza matuta mtu aliyeyatengeneza matuta kabla wengi wetu hatujaingia seminari. Mkulima wa mjini hakukosa elimu kwanza. Amekosa uhakika wa kesho. Hawezi kupanda mti wa mpapai kwa kuwa hajui kama atakuwepo utakapozaa. Hawezi kuchimba kisima. Hawezi kulisha udongo ambao wiki ijayo utakuwa wa mwingine. Anapanda mchicha kwa sababu ni mboga inayoweza kukimbia naye. Huko Havana, Muungano wa Sovieti ulipoanguka mwaka 1991 na mafuta na mbolea zikakatika, wakazi waliweza kujilisha kwa bustani za mjini kwa sababu waliruhusiwa kutumia viwanja vilivyokaa wazi. Siisifu serikali ile kwa mambo mengine, lakini katika hilo ilitutangulia sisi tunaosoma Injili kila siku.

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayana utata hapa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba vitu vya dunia vimekusudiwa watu wote. Papa Paulo VI alilirudia fundisho hilo mwaka 1967 katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa kuundwa kwa Tume ya Kipapa ya Haki na Amani. Papa Fransisko alilirudia tena mwaka 2015 katika Laudato Si'. Torati nayo ilimkataza mwenye shamba asivune hadi pembeni, ili maskini na mgeni wapate kitu. Pembe za viwanja vyetu sisi tumezijengea ukuta, na juu ya ukuta tumepanda vipande vya chupa.

Wanahalmashauri wataniuliza: je, tukiwaachia walime, si watadai kiwanja ni chao? Hofu hii nimeisikia tangu nikiwa frateri, na inafaa ijibiwe kisheria. Ni kweli kwamba kwa sheria yetu ya ukomo madai ya kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12. Lakini anayelima kwa ruhusa ya mwenye ardhi, ruhusa iliyoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, hawezi kugeuka na kudai kwamba aliivamia. Karatasi ile ile inayomlinda mama mwenye matuta ndiyo inayolilinda Kanisa. Hatari iko katika ruhusa ya mdomo, ambayo ndiyo tuliyoizoea.

Kwa hiyo, kabla ya Kwaresima ijayo, kila Kamati ya Haki na Amani ya parokia izunguke kwa miguu na kuorodhesha viwanja vyote vya Kanisa visivyotumika, pamoja na vile vya mashule, mashirika ya kitawa na nyumba za mapadre. Orodha isomwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo, si katika Halmashauri peke yake. Panapokosekana mchoro na fedha za ujenzi, kiwanja kitolewe kwa mkataba wa maandishi usiopungua miaka mitatu, wenye notisi ya miezi sita na kipengele cha maji, na wasio Wakatoliki wasibaguliwe. Na mkataba uwe na kipengele kimoja ambacho sijakiona katika mkataba wowote: atakayeondolewa kabla ya wakati alipwe thamani ya udongo alioutengeneza, ili asilazimike kuja ofisini kwa padre kuuombea kibali.