Elimu ya Maabara Si Mchezo

Katika kitongoji cha Nateete, kando ya barabara itokayo Kampala kwenda Masaka, ndipo alipokaa Alexander Mackay, mmisionari aliyewasili Buganda mwaka 1878. Mackay alikuwa mhandisi. Vijana waliomwendea walikuta pia karakana na mtambo wa kuchapa, wakajifunza kwa macho na kwa mikono.

Makerere nayo ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Leo ni chuo kikuu, na kijana wa Nateete asomaye shahada ya kwanza ya fizikia huko hana budi kuingia maabara. Wako wazazi wanaonung'unika: “Tumempeleka kusoma, mbona anashinda na nyaya na mizani?”

Askari hawezi kuuliza hivyo. Yeye hakuijua bunduki kwa kukariri majina ya vipande vyake. Aliifungua, akaisafisha, akaifunga tena mpaka mkono ukazoea.

Ndivyo ilivyo maabara. Mwanafunzi hupima kitu kile kile mara kumi, akaona majibu hayalingani. Hapo hujifunza kutafuta kosa, kukadiria shaka iliyobaki, na kuandika daftarini alichokiona, wala si alichotamani kukiona. Anayenakili vipimo vya mwenzake huenda akapata alama, lakini kazi hataijua.

Hasara yake huja baadaye. Mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyokuwa Mulago, iliharibika kwa uchakavu. Nyingine ilizinduliwa mwaka 2018. Mashine za namna hiyo hutumia kobalti, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila ipitapo miaka mitano na miezi michache. Kwa hiyo mwanafizikia wa hospitali, aliyeongeza mafunzo baada ya shahada, hupima na kukokotoa upya kila mara. Mionzi ikizidi, humdhuru mgonjwa. Ikipungua, ugonjwa hubaki. Hapo hapana mwenzake wa kumnakili.

Basi kijana arudipo nyumbani wakati wa likizo, wazazi wasimwulize alama peke yake. Wamwulize: “Ulipima nini, na ulijuaje kuwa umepima sawasawa?” Akiweza kulijibu swali hilo bila kubabaika, ada yao haikupotea.