Ngozi ya Udhia: Tusiitupe Neema Hii

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake.

Ndugu wasomaji, kila zinapomalizika siku za Idd el-Hajj, nyama ya udhia huwa imekwisha kugawiwa kwa jamaa, majirani na mafakiri. Ngozi, hata hivyo, mara nyingi huishia jalalani. Juma hili tunaziomba familia zetu ziitazame upya ngozi hiyo, kwani ndani yake mna mikanda, makubadhi na riziki ya watu.

Dini yetu haikuipuuza ngozi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona mnyama aliyekufa, akauliza kwa nini wenyewe hawakunufaika na ngozi yake. Alipoambiwa kuwa ni mzoga, alibainisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mzoga, seuze mnyama aliyechinjwa kwa jina la Allah? Naye mama wa waumini, Bi Zainab bint Jahsh (r.a.), alikuwa akisindika ngozi na kuzishona kwa mikono yake, kisha akitoa sadaka alichokichuma.

Ipo mipaka ya kuchungwa. Kwa rai ya wanachuoni wengi, mwenye kuchinja udhia haiuzi ngozi yake. Wala haimpi mchinjaji kuwa ujira, kwani Sayyidna Ali (r.a.) alikatazwa kufanya hivyo katika ngamia wa Mtume (s.a.w.). Ujira hulipwa kwa fedha. Mwenye ngozi ama aitumie mwenyewe, ama aitoe sadaka. Fakiri akishapewa, imekuwa mali yake, naye anaweza kuiuza au kuifanyia kazi.

Kazi yenyewe huanza pale pale machinjoni. Mchunaji asiye makini hutoboa ngozi, na tundu moja huharibu urefu wote wa mkanda. Ikishachunwa, ngozi ioshwe damu na ipakwe chumvi nyingi mapema, kwani katika joto letu huanza kuoza baada ya saa chache. Ngozi ya ng'ombe ni nene, nayo ndiyo ifaayo zaidi kwa mikanda. Ya mbuzi ni nyembamba, hivyo fundi huikunja au huishona juu ya ngozi nyingine.

Kusindika kwa magome ya miti huchukua majuma kadhaa. Magome ya miwati, miti inayolimwa huko Njombe, yanasifika kwa kazi hii. Viwanda vingi hutumia chumvi za kromiamu kwa kuwa huikamilisha kazi kwa siku chache, lakini majitaka yake yakiachiwa mtoni bila kusafishwa huwadhuru watu na viumbe. Baada ya hapo fundi hukata ukanda, hulainisha kingo, hushona kwa uzi uliotiwa nta, hutoboa matundu na kufunga bizimu. Mkanda wa namna hiyo ukipakwa mafuta mara kwa mara hudumu miaka mingi.

Kwa mnunuzi Muislamu lipo jambo jingine. Baadhi ya bidhaa za madukani hutiwa ngozi ya nguruwe, hasa kwa ndani, na wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wanasema kusindika hakuitoharishi. Ngozi hiyo hutambulikana kwa vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu. Bidhaa nyingine si ngozi halisi: ukitazama ukingo utaona kitambaa chini ya plastiki. Anayenunua kwa fundi wa mtaani humuuliza ngozi imetoka wapi, akajibiwa.

Tunazishauri kamati za misikiti zijitayarishe kabla ya Idd ijayo. Zinunue chumvi, zitenge mahali pa kivuli pa kukusanyia ngozi, na ziwatafute vijana wahitaji wa kukabidhiwa sadaka hiyo kwa niaba ya wenye kuchinja. Wanaotaka ufundi wa juu zaidi, mafunzo ya ngozi yanatolewa na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam katika kampasi yake ya Mwanza. Nanyi wazazi, mnapowanunulia watoto mikanda ya shule, waanzieni mafundi hawa.

Tunamwomba Allah (s.w.) azikubali ibada zetu na atuepushe na israfu. Wabillahi tawfiiq.