Mashine ya vifaranga inunuliwe na michoro yake

MFUGAJI wa kuku wa Kata ya Pangani, Kibaha, anajua kwamba yai halimsubiri fundi. Mashine ya kutotolesha vifaranga inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 37.5 hivi kwa siku 21. Kidhibiti joto kikiharibika usiku mmoja tu, trei zote za mayai zimekwenda, na mkopo unabaki palepale.

Kinachosikitisha zaidi ni kinachofuata. Fundi wa redio na simu, ambaye mkono wake ni mzuri tu, akifungua kile kisanduku anakuta programu imefungwa na mchoro hakuna. Anamshauri mfugaji akanunue kingine Kariakoo. Na anayetaka kutotolesha mayai ya bata, ambayo huchukua siku 28 na si 21, anaambiwa mashine yake ilipangwa kwa kuku, basi.

Shida ya namna hii iliwahi kuwakuta watu walio mbali kabisa na mabanda ya kuku, nao ni wanasayansi wanaopima mawimbi ya redio yatokayo kwenye nyota. Kila taasisi ilitumia miaka kubuni mtambo wake wa kukokotoa, na ulipokamilika ulikuwa umeshapitwa na wakati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, wakaanzisha ushirika unaoitwa CASPER. Walichagua chipu za aina ambayo kampuni ya Xilinx ilianza kuuza mwaka 1985, ambazo saketi zake za ndani zinaweza kupangwa upya hata baada ya kutoka kiwandani. Wakakubaliana kutumia bodi za aina moja na kugawana michoro na programu.

Waafrika hawakuwa watazamaji. Bodi iliyoitwa ROACH ilibuniwa kwa pamoja na wahandisi wa Afrika Kusini, na ikatumika kwenye darubini yao ya KAT-7 yenye madishi saba, huko Karoo. Baada ya hapo nchi hiyo ilijenga MeerKAT yenye madishi 64, iliyozinduliwa mwaka 2018.

Hatusemi mfugaji wa Pangani anunue chipu za kuchunguza nyota. Hizo zina nafasi yake kwenye mashine za kuchambua nafaka kwa kamera, ambako kila punje huamuliwa kufumba na kufumbua. Kwa vifaranga inatosha bodi ndogo ya bei nafuu kama Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005 na ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote. Cha kuiga ni ule ushirika.

Kibaha ina chuo cha VETA, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakiko mbali (foleni ya Kimara ikiruhusu). SIDO na COSTECH nao wapo. Hawa wakae na wafugaji, wakubaliane kidhibiti kimoja ambacho fundi yeyote anaweza kukitengeneza, kukirekebisha na kukipanga upya kwa bata au kanga. Atakayekiboresha awarudishie wenzake mchoro mpya.

Ugumu upo kwenye fedha. Michoro ya bure haijitunzi; lazima awepo mhandisi anayelipwa kuikagua na kujibu maswali ya mafundi, la sivyo baada ya mwaka mmoja kila mtu atakuwa na mchoro wake. Kwa maoni yetu, gharama hiyo ibebwe na taasisi za umma, siyo mfugaji mwenye mayai mia mbili.

Wakati huo huo, kikundi kinachonunua mashine kwa mkopo wa halmashauri kiandike kwenye mkataba kwamba muuzaji akabidhi mchoro na programu. Na kidhibiti hicho cha pamoja kijaribiwe kwanza Pangani kwenyewe, kwenye mabanda ambako umeme hukatika usiku, kabla hakijapelekwa kwenye maonyesho ya Nanenane.